Shajara ya Hilux: Kutoka Zizi la Molo hadi Shamba la Mau Narok

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo nimelipa pesa, tumetia sahihi mkataba wa mauziano mbele ya mashahidi wawili, na gari sasa ni letu. Ni Toyota Hilux ya mwaka 1993, muundo wa LN106, ya kabini moja, yenye injini ya dizeli aina ya 3L ya ujazo wa cc 2,779 na inayoweza kuendeshwa kwa magurudumu yote manne. Ilikuwa imesimama miaka miwili kando ya zizi la ng'ombe nje kidogo ya Molo. Nyasi zilikuwa zimeota hadi zikapenya sakafu ya bodi ya nyuma, na kuku walikuwa wakitagia chini ya kiti cha dereva. Mwenyewe alinieleza bila kuficha kwamba haiwaki, na kwamba fundi wa mwisho kuitazama alisema pampu ya injekta imekufa. Alianzia KSh 260,000, tukapatana KSh 190,000. Kuivuta hadi Nakuru kumenigharimu KSh 6,000.

Sababu ya kuitafuta ni shamba la mama huko Mau Narok. Viazi vikikomaa wakati wa mvua, kilomita nne za mwisho kutoka shambani hadi barabara kuu huwa matope matupu, na kila msimu tunakodi trekta kwa bei ambayo mwenye trekta anajipangia, kwa kuwa anajua hatuna njia nyingine. Nilihitaji gari la kubeba magunia ishirini lipite mahali hapo bila kumwomba mtu. Magari ya namna hiyo yaliyokwisha kutengenezwa yanauzwa bei ambayo mshahara wa mwalimu haufikii, na kuagiza la zamani kutoka nje hakuwezekani, kwa sababu Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Aliye na mfuko wangu hana budi kutafuta gari ambalo tayari liko nchini na kulifufua.

Nimechagua LN106 kwa jambo moja. Ekseli yake ya mbele ni chuma kimoja kizima kutoka gurudumu hadi gurudumu, na imekalia springi za mabamba kama ile ya nyuma. Fundi wa kijijini anaweza kuifungua chini ya mti, na spea zake zinapatikana Nakuru, Eldoret na Kisumu. Bajeti yangu yote, pamoja na bei ya kununulia, ni KSh 450,000, ambazo ni akiba yangu na mkopo wa chama chetu cha kukopeshana. Nafundisha fizikia, kwa hiyo kazi itafanyika Jumamosi na wakati wa likizo, katika gereji ya wazi upande wa Shabab, mtaa wa hapa Nakuru, kwa mzee mmoja ambaye amezitengeneza Hilux tangu kabla sijamaliza shule. Mimi namwita Mzee, naye ananiita Mwalimu.

Jumla hadi leo: KSh 196,000.

Jumamosi, 25 Januari 2025

Mzee hakutaka kugusa kitu kingine kabla ya kujua kama injini iko hai. Tuliazima betri, tukaipasha injini joto kwa zile hita plagi mbili ambazo bado zinafanya kazi kati ya nne, tukapiga stata. Ikazunguka vizuri, ikatoa moshi mweupe kidogo, ikanyamaza. Mafundi wengi wangeishia hapo na kuanza kufungua pampu ya injekta, kazi ambayo peke yake ingemeza sehemu kubwa ya bajeti. Mzee alichukua mtungi wa lita tano wa dizeli, akauweka juu ya paa la kabini, akateremsha mpira wazi kutoka mtungini moja kwa moja hadi kwenye mlango wa pampu, ili mafuta yashuke kwa uzito wake bila kupita njia ya kawaida. Tulipopiga stata mara ya tatu, injini iliwaka na ikaendelea kuunguruma.

Basi pampu ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa juu ya filta ya dizeli, kwenye kile kibonyezo cha mkono cha kutolea hewa. Mzee alikifungua akanionyesha ngozi ya mpira iliyo ndani: ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, usioonekana mpaka uikunje kati ya vidole viwili. Injini inapovuta dizeli kutoka tangini, ufa huo unavuta hewa, na pampu ya injekta haiwezi kusukuma hewa. Gari lilisimama miaka miwili zizini kwa ajili ya ufa huo.

Baadaye tuliitoa bodi ya nyuma, tukailaza kabini kwenye magogo, tukaanza kuigonga chesisi kwa nyundo ndogo, sentimita kwa sentimita. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya kufa, kama kugonga ubao. Upande wa kulia, pale springi ya nyuma inaposhikia kwa mbele, nyundo ilipenya ikatokea upande wa pili. Hapo hapo palikuwa na kiraka cha zamani kilichochomelewa kwa mstari wima, na ufa ulikuwa umeanza kando kabisa ya mstari huo.

Jumamosi, 8 Februari 2025

Wiki mbili hizi zimekuwa za chesisi tu, na sijutii hata saa moja. Wapo wanaoanza na tairi kubwa, taa za juu na bampa ya kifahari kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoonekana, kisha chesisi inavunjika katikati ya msitu gari likiwa na mzigo. Pesa zikiwa chache, lazima ziende kwanza mahali ambapo hapaonekani.

Nilipima unene wa chesisi kwa vania mahali palipo pazima, nikapata milimita 3. Tulikata chuma chote kilichooza mpaka tukafikia chuma cheupe, kisha tukakata bamba la milimita 4 la kufunika pengo. Nilisisitiza, na fundi wa kuchomelea akakubali baada ya kunitazama kwa muda, kwamba bamba likatwe kwa umbo la almasi, ncha zake zikielekea mbele na nyuma. Mstari wa kuchomelea unaokatiza chesisi wima huwa kama alama uliyoichora kuiambia chuma ikatike hapo: nguvu zote za kupinda hukusanyika kwenye mstari huo mmoja, na chuma kilicho kando yake tayari kimedhoofishwa na joto. Ncha za almasi huigawa nguvu hiyo kidogo kidogo. Pia tuliacha kuchomelea kwenye kingo za juu na za chini za chesisi, kwa sababu hapo ndipo mvutano unapokuwa mkubwa zaidi gari linapobeba mzigo.

Fimbo za kuchomelea zilizokuwapo gerejini zilikuwa za E6013, ambazo ni nzuri kwa mageti na madirisha. Nilinunua pakiti ya E7018, na kwa kuwa fimbo hizo huharibiwa na unyevu, mama watoto aliniruhusu kuzikausha katika oveni yake kabla ya kuzipeleka kazini zikiwa zimefungwa kwa karatasi ya foili. Fundi alipomaliza na kugonga ganda la juu, mstari ulikuwa na mawimbi madogo yaliyolingana tangu mwanzo hadi mwisho. Mzee aliupitishia kidole, akanyamaza, akaitisha chai.

Tulisugua chesisi nzima kwa brashi ya waya, tukapaka praima mara mbili na rangi nyeusi mara mbili. Gharama ya kipengele hiki: KSh 28,500. Jumla: KSh 224,500.

Jumamosi, 1 Machi 2025

Leo tumefungua ekseli ya mbele, na hapa nitaandika kwa kirefu, kwa kuwa ndipo LN106 nyingi zinapofia bila wenyewe kujua.

Kila gurudumu la mbele limeshikwa na kifundo cha chuma kilicho kama mpira wa mviringo, na ndani yake mna jointi ya CV inayopeleka nguvu kwenye gurudumu huku gurudumu likikata kona. Kifundo hicho kinapaswa kujazwa grisi nzito yenye molibdeni. Difu, yaani gia zilizo katikati ya ekseli za kugawia magurudumu nguvu, hutumia oili nyepesi. Kinachozitenganisha ni oili sili moja ndogo iliyo mwisho wa bomba la ekseli, ndani kabisa, mahali ambapo jicho halifiki. Sili hiyo ikichoka, oili ya difu huingia kifundoni, huiyeyusha grisi, na mchanganyiko huo huanza kuvuja nje ukishika vumbi. Mwenye gari huona uchafu kwenye rimu na kudhani ni breki.

Kuanza tu kulitaka kifaa ambacho hatukuwa nacho. Nati kubwa ya beringi za gurudumu ni ya milimita 54, na soketi yake dukani ilikuwa ghali kwa kazi ya siku moja. Kijana wa Mzee alichukua kipande cha bomba zito, akakipasha moto, akakigonga juu ya nati kuukuu mpaka kikashika pembe zake zote, kisha akachomelea nati nyingine upande wa juu ili spana ishike. Ilimchukua chini ya saa moja. Pete za koni zinazoshikilia habu nazo hazivutwi kwa koleo; unaigonga habu kwa nyundo ya shaba, pigo moja kali pembeni, nazo zinaruka zenyewe.

Upande wa kulia ulikuwa wa kuridhisha. Upande wa kushoto, Mzee alipolegeza bolti za chini, uji mweusi ulitiririka ukajaza karai. Ulikuwa mwepesi kama chai ya maziwa na ulinuka oili iliyoungua. Alichovya vidole viwili, akavisugua, akaninyoshea mkono nitazame: ndani ya uji kulikuwa na vumbi la chuma linalometameta. Jointi ya CV ya upande huo ilikuwa na mipira sita kama kawaida, lakini njia ambamo mipira hupita zilikuwa zimechimbika kiasi kwamba ukucha ulishika. Beringi za kingipini, yaani pini ambazo kifundo hugeukia, zilikuwa na alama za kutu mahali pamoja, kwa sababu gari lilisimama muda mrefu bila usukani kugeuzwa.

Tumebadilisha sili na gasketi pande zote mbili, beringi zote za kingipini na za magurudumu, na jointi moja ya CV iliyotumika ambayo niliikagua kwa taa kabla ya kulipa. Mzee alipima ukazo wa kifundo kwa mizani ya kuvutia samaki iliyofungwa kwenye mkono wa usukani, akiongeza na kupunguza shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia nafasi, mpaka akaridhika. Nilimuuliza alijifunza wapi njia hiyo, akaniambia alionyeshwa na mkubwa wake wa kazi, ambaye alionyeshwa na Mjapani.

Duka moja liliniuzia sili nikiwa nimehakikishiwa ni halisi. Mzee alizibinya kidogo, akasema mpira wake ni mgumu mno na utapasuka kwa joto. Nilizirudisha, baada ya mabishano nikapewa nyingine. Nimejifunza kuitia kila sili mkononi mwa Mzee kabla ya kuondoka mjini.

Gharama: KSh 32,600. Jumla: KSh 257,100.

Jumamosi, 22 Machi 2025

Springi, shokomzoba na breki. Nimeamua kuinua gari kwa milimita 50 tu. Vijana wa gereji jirani walinishauri niinue mara mbili ya hapo kwa kutumia pingili ndefu za springi, kwa kuwa ni rahisi na gari linapendeza macho. Nilikataa. Gari likiinuka mno, fito inayounganisha boksi la usukani na gurudumu hulala kwa mshazari mkali, na kila shimo unalopita huugeuza usukani wenyewe. Uzito nao hupanda juu, na njia ya Mau Narok ina miteremko ya ubavu ambayo haisamehi.

Tulipata springi za mbele kutoka kwa gari kama hili lililokuwa likikatwakatwa. Zilikuwa zimelala, hivyo tulizipeleka kwa fundi wa kukunja springi, mzee mwembamba anayezikunja zikiwa baridi, kwa nyundo, juu ya chuma chenye bonde. Hupiga pigo moja, husogeza kidogo, hupiga tena, na kila baada ya mapigo kadhaa huiweka springi juu ya mchoro wa chaki sakafuni ili kulinganisha. Yeye hakubali kabisa kuichomelea springi iliyovunjika, hata ukimbembeleza, na ana haki: ugumu wa springi unatokana na jinsi chuma chake kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani, na joto la kuchomelea huufuta ugumu huo mahali hapo.

Kwa nyuma nilitaka nguvu ya kubeba. Muuzaji mmoja alinipa bamba la springi ya lori lenye unene wa milimita 10, akisema moja tu litatosha. Hesabu ilinizuia. Ugumu wa bamba hukua kwa kipeo cha tatu cha unene wake, yaani unene kwa unene kwa unene. Mabamba yetu ni ya milimita 7, na ukigawanya 10 kwa 7 kisha ukalipandisha jibu hadi kipeo cha tatu unapata karibu 2.9. Bamba moja la lori lingefanya kazi ya karibu matatu ya kwetu, na gari likiwa tupu lingeruka kama mbuzi na kupoteza mshiko. Tumeongeza bamba moja la milimita 7 kila upande.

Breki zimepata pedi mpya mbele, lainingi mpya nyuma na mipira mipya kila mahali. Kuna jambo ambalo wengi hulipuuza. Nyuma ya Hilux hii mna valvu inayogawa nguvu ya breki kulingana na mzigo: ina fito iliyounganishwa na ekseli, na bodi ikikaribia ekseli kwa sababu ya uzito, valvu hufungua nguvu zaidi kwa breki za nyuma. Ukiinua gari bila kuirekebisha, valvu hudhani gari ni tupu daima, hata ukipakia tani nzima. Baadhi ya mafundi huing'oa. Sisi tumetengeneza kishikio kinachoiinua fito hiyo kwa milimita 50 zilezile.

Yu-bolti za zamani, zile bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, nimezirudisha, kwa kuwa nyuzi zake zilionekana nzima na nilitaka kuokoa KSh 3,200. Mzee alipinga, nami nikashikilia.

Gharama za springi na shokomzoba KSh 57,200, za breki KSh 17,400. Jumla: KSh 331,700.

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Likizo imeanza, na tumemaliza injini. Mkanda wa taiming tumebadilisha bila kujali hali yake. Kwenye injini hii unapaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ndiyo maana kwenye dashibodi mna taa ya T-BELT. Balbu ya taa hiyo tuliikuta imetolewa. Mkanda ukikatika, vali hugongana na pistoni. Tumebadilisha pia pampu ya maji na hita plagi zote nne, tukapeleka rejeta ikafunguliwa na kupigwa fimbo ndani, na injekta zikapimwa kwenye mashine.

Moshi mweusi ulinisumbua. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni pungufu kwa takriban asilimia 17 ikilinganishwa na ya Mombasa. Injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa haiwezi kujifidia, na shambani kwa mama, ambako ni zaidi ya mita 2,500, hali ni ngumu zaidi. Kumbe mtu alikuwa ameikaza skurubu ya kipimo cha juu cha dizeli akitafuta nguvu, na dizeli ya ziada ilikuwa inatoka kama masizi tu. Mzee aliilegeza robo mzunguko kwa robo mzunguko, tukipanda kilima baada ya kila robo, mpaka moshi ukabaki kivuli. Nguvu haikupungua hata kidogo. Sindano ya joto ndiyo iliyoshuka.

Gharama: KSh 26,000. Jumla: KSh 357,700.

Jumamosi, 26 Aprili 2025

Tairi tano za 235/85R16, zilizotumika, kutoka kwa mtu aliyekuwa akibadilisha za gari lake la kazi. Nne zina tarakimu 3121 ubavuni, maana yake zilitengenezwa wiki ya 31 ya mwaka 2021. Ya tano ni ya mwaka mmoja nyuma na itakuwa ya akiba. Nimechagua nyembamba makusudi. Matope ya shambani kwa mama yana sakafu ngumu chini, na tairi nyembamba huyakata ikaifikia, wakati ile pana hubaki ikiogelea juu.

Zilizokuja na gari zilikuwa 205R16, ambazo kwa hesabu zina kipenyo cha milimita 742. Hizi zina 806. Difu imepanda milimita 32 kutoka ardhini bila kuguswa. Lakini spidomita sasa inasema uongo: ikionyesha 80, gari linakwenda karibu 87. Nimebandika karatasi ndogo yenye hesabu hizo kando ya usukani kwa ajili ya mpwa wangu, ambaye ataliendesha pia.

Gharama: KSh 42,500. Jumla: KSh 400,200.

Jumamosi, 10 Mei 2025

Bodi ya zamani haikuokoleka. Tumetengeneza bodi bapa ya mizigo yenye fremu ya bomba za mraba za milimita 40 na sakafu ya mbao za saipresi, zilizopakwa oili chafu mara tatu na kuanikwa. Fundi alitaka kutumia vyuma vya pembe vya 50 kwa 50 kwa 5, ambavyo vina kilo 3.77 kwa kila mita; kwa mita 22 tunazohitaji zingekuwa kilo 83, na kila kilo ya bodi ni kilo ya viazi iliyobaki shambani. Bomba zimetupunguzia zaidi ya kilo 30. Kwa kuwa umbo la bodi limebadilika, gari litakaguliwa na mabadiliko yaandikishwe NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, kabla halijabeba mzigo wa mtu yeyote. Umiliki ulikwisha kuhamishwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, tangu Februari.

Snokeli, yaani njia ya injini ya kuvutia hewa kutoka juu, tumeitengeneza kwa bomba la ekzosi la inchi 3, likipanda kando ya kioo hadi usawa wa paa. Watu hudhani ni ya kuvukia mito. Kwangu kazi yake kubwa ni vumbi, hasa hili la Nakuru ambalo ni laini kama unga kwa sababu ni majivu ya volkano. Huko juu hewa ni safi zaidi na filta hudumu. Tulipomaliza, Mzee aliwasha injini, akapanda kwenye ndoo, akaziba mdomo wa snokeli kwa kiganja. Injini iliendelea kuunguruma. Akateremka bila kusema neno, akaikaza klempu ya mpira uliokuwa nyuma ya filta, akapanda tena, akaziba. Safari hii injini ilikohoa mara mbili ikazima, na kiganja chake kikabaki kimenaswa kwa sekunde moja. Kama ingeendelea kuunguruma, kuna mahali ilipokuwa ikivuta hewa isiyochujwa, na siku ya kuvuka mto ingevuta maji.

Bodi KSh 34,000. Snokeli, nyaya na rilei za taa KSh 11,500. Jumla: KSh 445,700.

Jumamosi, 24 Mei 2025

Majaribio katika njia za Menengai, mlima wa volkano karibu na Nakuru, gari likiwa tupu, pamoja na mpwa wangu. Tulipanda vizuri hadi juu. Wakati wa kuteremka, kwenye ngazi ya mawe, nilisikia mlio kama wa risasi upande wa kushoto nyuma, na gari likaanza kuvuta upande mmoja. Yu-bolti moja ilikuwa imekatika pale nyuzi zinapoanzia. Ekseli ilikuwa imesogea nyuma kidogo, ikizuiwa na bolti ya katikati ya springi na yu-bolti iliyobaki. Tuliifunga kwa mnyororo na kamba ya tairi, tukarudi Shabab kwa mwendo wa mtu anayetembea, saa tatu nzima.

Yu-bolti hukazwa mpaka inanyooka kidogo, na ikishanyooka mara moja haiwezi kuaminiwa mara ya pili, hata nyuzi zake zikionekana nzima. Mzee aliniambia hivyo mwezi Machi. Leo nilimwambia, "Mzee, nisamehe, nilikataa neno lako." Akajibu, "Mwalimu, leta nane," akaendelea kunawa mikono.

Zote nane ni mpya sasa, na nitazikaza tena baada ya kilomita 100. Gharama: KSh 3,200. Jumla: KSh 448,900.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Ukaguzi ulipita. Jana usiku mvua ilinyesha Mau Narok hadi alfajiri, na leo asubuhi tumepakia magunia 14 ya kilo 50. Nilitaka ishirini, lakini Mzee alisema safari ya kwanza iwe ya kilo 700, na safari hii sikubishana.

Kilomita nne hizo tulizipita kwa gia ndogo, magurudumu manne, tairi zikiwa zimepunguzwa upepo hadi psi 22. Mahali pabaya zaidi ni kona iliyo chini ya boma la jirani, ambako maji ya kilima chote hukusanyika. Nilishuka, nikatembea ndani ya matope kwa miguu kwanza, nikaipata sakafu ngumu kwenye kina cha goti. Niliingia kwa gia ya pili, mzunguko wa injini wa wastani, bila kukanyaga klachi. Gari lilizama, likasita, tope likapanda hadi juu ya rimu, kisha nikahisi kwenye usukani tairi za mbele zikigusa chini na kuanza kutambaa. Mama alikuwa amesimama ukingoni na kanga kichwani, mikono kiunoni. Tulipotokea upande wa pili aliuliza tu kama viazi havikuchubuka.

Jioni, gerejini, kabla ya kuosha chochote, nilifungua kizibo cha kifundo cha kushoto cha mbele na kuingiza waya safi hadi ndani. Ulitoka umepakwa grisi nyeusi, nzito, isiyodondoka. Nilirudia upande wa kulia, nikapata vilevile. Kazi iliyobaki ni kukaza yu-bolti, kuongeza grisi kwenye kingipini, na kumrudishia mama watoto trei ya oveni.